Anasema amepona. Nimruhusu acheze Jumamosi?

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu Neema yuko kidato cha pili na ni kiungo wa timu ya soka ya shule yao. Wiki mbili zilizopita, kwenye mechi ya wilaya, waligongana vichwa na mwenzake wakigombea mpira wa juu. Alikaa chini kidogo, akamwagiwa maji, akamaliza mechi. Usiku akatapika. Duka la dawa wakasema ni malaria, wakampa mseto. Kesho yake tukampeleka hospitali, picha ya CT scan ikatoka safi. Sasa anasema yuko sawa, na kocha anamtaka Jumamosi kwenye mchujo wa timu ya mkoa ya UMISSETA. Ila mama yake anaona amekuwa mkali bila sababu, na mwalimu wa hesabu anasema anasinzia darasani. Nitajuaje kama kweli amepona? — Baba Neema, Morogoro

JIBU: Marahaba, Baba Neema, na poleni. Jumamosi hachezi. Nimelitanguliza hilo ili kocha akipiga simu uwe na la kumjibu.

Picha ile ilikuwa inatafuta damu iliyovujia ndani ya fuvu au mfupa uliopasuka. Tunashukuru haikukuta kitu. Lakini mtikisiko wa ubongo hauonekani kwenye CT scan, kwa sababu kinachoharibika ni namna ubongo unavyofanya kazi, si umbo lake. Wala usitulie kwa kuwa hakuzimia, maana wengi hawazimii. Kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani mapema kipindi cha kwanza, akaendelea kucheza, kisha akamfuata mwamuzi kumuuliza kama hiyo ndiyo fainali. Alitolewa dakika ya 31. Mtu mzima, mbele ya madaktari wa timu ya taifa! Sembuse mtoto kwenye uwanja wa shule ambako huduma ya kwanza ni ndoo ya maji.

Na huyo wa duka la dawa, Mungu amsamehe. Mtoto aliyegongwa kichwa mchana akatapika usiku hapewi mseto bila hata kupimwa malaria. Anakimbizwa hospitali usiku uleule.

Sasa swali lako. Hakuna kipimo kimoja cha kusema huyu amepona. Wataalamu wa majeraha ya ubongo michezoni walikutana Amsterdam 2022, na mwaka uliofuata wakatoa fomu mpya za kupimia. SCAT6 ni ya siku za mwanzo, kuanzia miaka 13. Wadogo wa miaka 8 hadi 12 wana yao. Kwa Neema, ambaye wiki mbili zimepita, inayofaa ni ile ya kliniki, SCOAT6. Mwombe daktari aitumie. Inapatikana bure mtandaoni.

Atakachofanyiwa ni hivi. Atasomewa orodha ya dalili, na kila moja aipe alama kuanzia 0 hadi 6: kichwa, kizunguzungu, kuumizwa na mwanga, hasira, usingizi. Atasomewa maneno kumi, tuseme embe, daraja, sabuni, ngoma na mengine, ayarudie papo hapo, kisha aulizwe tena baadaye bila kukumbushwa. Atatajiwa tarakimu azirudishe kinyumenyume: 3-8-1-4, naye aseme 4-1-8-3. Miezi pia, kuanzia Desemba kurudi Januari, na hapa mwambieni daktari amuulize kwa lugha aliyoizoea. Kisha atasimama pekupeku, macho amefumba, mguu mmoja mbele ya mwingine, halafu atembee kisigino kikigusa vidole kwenye mstari wa mita tatu, aende na kurudi huku saa inahesabu. Atapimwa presha na mapigo ya moyo akiwa amelala, kisha akisimama. Macho nayo yatafuata kidole kushoto na kulia, na wengi ndipo kizunguzungu kinapowaumbua.

Tatizo la ile orodha ya dalili ni kwamba anayejibu ni mchezaji. Neema anajua kuna mchujo Jumamosi, kwa hiyo atajaza sifuri mpaka chini. Ndiyo maana mimi huwa nawaamini zaidi mama na mwalimu wa hesabu. Nenda na mama yake kliniki, na mwombe mwalimu aandike aliyoyaona. Mwelezeni daktari Neema alikuwaje kabla: alikuwa na kipandauso? Alilala saa ngapi? Hesabu zilimsumbua tangu zamani? Bila hayo daktari hatajua kipi kimeletwa na ajali.

Shule inatangulia uwanja. Asipoweza kukaa vipindi vyote bila kichwa kuuma, hata mazoezi ya timu asiyaguse. Hiyo haina maana alazwe kwenye chumba chenye giza. Ushauri huo umepitwa na wakati. Baada ya siku moja au mbili za kupumzika, kutembea kunasaidia. Akienda vizuri atakimbia taratibu, kisha atachezea mpira peke yake, na dalili zote zikiisha ndipo afanye mazoezi na wenzake bila kugongana, kila hatua angalau siku nzima. Katika hatua za mwanzo, kabla ya kujiunga na wenzake, kichwa kikiuma kidogo tu na kikatulia ndani ya saa moja, si neno. Kikizidi hapo, asimame, kesho arudi hatua ya nyuma. Mazoezi kamili ya kugongana na vichwa vya mpira ni mpaka dalili zote ziishe na daktari aandike ruhusa.

Kocha akisema wiki mbili zinatosha, mwambie Uingereza, tangu 2023, mwongozo wa michezo ya mitaani na mashuleni hauruhusu kurudi mashindanoni kabla ya siku 21, tena awe amekaa siku 14 bila dalili. Neema bado anazo. Akigongwa tena kabla hajapona, ubongo wa umri wake unaweza kuvimba ghafla. Hutokea mara chache, lakini huua.

Watoto wengi huwa sawa ndani ya wiki nne. Zikipita naye bado anasinzia, omba rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Ila akitapika tena na tena, akapata degedege, mkono ukalegea au akawa haamshiki, usisubiri kliniki, tafuta gari. Na ile panadol ya kila asubuhi, kama mnampa, msimpe siku ya kupimwa bila kumwambia daktari, maana inaficha tunachokitafuta.