Bandari inanilisha inapochelewa

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: wewe unayeishi jirani na bandari ya Dar es Salaam, inakulisha au inakuumiza? Mimi napika chakula Kurasini, kando ya yadi ya malori, na jibu langu huenda lisiwapendeze wakubwa. Bandari inanilisha inapochelewa. Lori likiingia, likapakia na kuondoka siku hiyo hiyo, mimi sijauza kitu. Dereva anakula kwangu kwa sababu karatasi hazijatoka, au meli bado iko nangani inasubiri zamu ya kufunga gati, au mfumo wa forodha umegoma tangu asubuhi na wakala hapokei simu.

Asiyeijua Kurasini akisikia bandari anawaza meli na winchi. Hizo ziko nyuma ya ukuta, sisi tunaziona vichwa tu. Bandari yetu ni huku nje: Barabara ya Kilwa, Bendera Tatu, Barabara ya Mandela mpaka Ubungo, yadi za kontena zilizojibanza katikati ya nyumba za watu, fundi matairi, mchomeleaji, kijana wa turubai na kamba, wenye mashine za fotokopi, mawakala wa forodha na mafaili yao kwapani. Na mzigo mwingi unaopita hapa si wa kwetu. Unakwenda Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi, na shaba ya Zambia na Kongo inashuka kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo wateja wangu ni watu wa njia ya Tunduma na Kasumbalesa, mipakani kwa Zambia na Kongo, na mtu wa safari ndefu humshibishi kwa sahani ya karani. Anataka bonge la ugali, nyama yenye mchuzi, mboga ya majani ya kutosha, na ndoo ya maji ya kuoga kama ipo.

Anataka na mkopo. Biashara yenyewe iko hapo. Posho ya safari mara nyingi inatoka lori likishapakia. Dereva akikwama yadini siku tatu nne mfukoni hamna kitu, na utingo wake ndiyo kabisa. Nina daftari la kaunta, naandika namba za malori badala ya majina, maana wengi wanajulikana kwa majina ya utani na wenye utani mmoja wako kibao. Asubuhi chai na chapati mbili, mchana ugali, jioni wali maharage, yote chini ya namba ile ile ya gari. Siku ya kuondoka analipa. Au anaondoka bila kuaga, halafu siku mbili baadaye hela inaingia kwenye simu kutoka Tunduma na ujumbe: "Mama samahani, tulitoka saa nane usiku." Wasiolipa wapo, lakini ni wachache kuliko mnavyodhani. Lori lazima lirudi Dar, na likirudi litapaki wapi kama si hapa?

Kwa vibarua hesabu ni nyingine. Hao wanaishi kwa meli. Ikisikika kuna meli ya kichele, yaani mzigo uliomwagwa bila kufungwa kwenye magunia, iwe ya ngano, mbolea au salfa, vijana wanajaa getini alfajiri kusubiri kuitwa. Salfa ndiyo wanayoilalamikia kuliko zote. Inapelekwa Kongo, kwenye migodi, kutengenezea asidi ya kuchenjulia shaba. Kijana aliyetoka zamu ya salfa huna haja ya kumuuliza alikuwa wapi: nyusi za njano, kola ya njano, macho mekundu anayoyafikicha kwa mgongo wa mkono kwa sababu viganja ndivyo vichafu zaidi. Namwekea kopo la maji anawe kwanza, kisha namkalisha benchi la nje, maana akikung'uta shati tu vumbi linaingia kwenye sahani za wenzake. Hakasiriki, ameshazoea. Analipwa ya siku, na meli ikiisha siku nayo imeisha. Makuli wa bandari hii waligoma 1947, mgomo ukatoka gatini ukafika relini hadi mikoa ya bara. Wajukuu wao bado wanasimama getini kusikiliza kama wataitwa.

Kuumiza, inaumiza pia, sitaficha. Watoto wanavuka Barabara ya Kilwa katikati ya semitrela, mitaro imejaa grisi, na dada anayenisaidia kupika anatoka Kigamboni kwa pantoni, ambalo linasimama kila meli inapopita mlango wa bandari. Siku hiyo chai yangu inachelewa, na dereva mwenye njaa haelewi habari za meli.

Mwaka 2023 nchi nzima iligombana juu ya bandari. Redioni, misikitini, makanisani, vijiweni, kila mtu alikuwa na lake kuhusu DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, hadi mkataba wa miaka 30 wa kuendesha baadhi ya gati uliposainiwa Oktoba mwaka huo. Nilisikiliza sana, kibandani kwangu redio haizimwi. Walibishana gati ni la nani. Sikumsikia hata mmoja aliyeuliza lori linalosubiri lisubirie wapi, na dereva wake ale wapi.

Kasi imeongezeka, hilo nalikubali. Gati namba 1 hadi 7 ziliimarishwa na kuchimbwa kufikia kina cha mita 14.5 ili zipokee meli kubwa zaidi. Kuna reli ya kisasa, na kuna bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, iliyozinduliwa 2025. Shabaha ni kontena zitoke gatini kwa treni, malori yakachukulie Kwala, Barabara ya Mandela ipumue. Kama mkazi nafurahi. Kama mpishi naona sufuria ya mchana inapungua. Na siombi ucheleweshaji urudi, kwa sababu najua anayeulipia: mwenye mzigo anakamuliwa storeji, ada ya mzigo kukaa bandarini, na yeye anaipandisha juu ya bei ya bidhaa mpaka inamfikia mama wa Kariakoo na mwenzake wa Lubumbashi. Sahani yangu ya ugali haina thamani hiyo.

Ila kusubiri hakuishi, kunahama tu. Treni nayo ina ratiba, karatasi bado ni karatasi. Yadi mpya ikichorwa, mchoro unakuwa na mizani, ofisi, kituo cha mafuta na ukuta. Mama lishe hayumo. Anakuja mwenyewe na mafiga yake, wiki mbili baadaye wanakuja watu na gari la kubebea masufuria. Mimi yangu yamebebwa, na faini niliyolipa kuyakomboa ilizidi bei ya kununua mapya. Pesa ya kodi ya eneo ninayo, niko tayari kuilipa kila mwezi kwa risiti. Ninachotaka ni paa, bomba, choo na karo la kuoshea vyombo, ndani ya ukuta, si mtaroni.

Mwenzangu mmoja ameshahamia Kwala. Anasema mkaa ni nafuu, madereva wapo, maji ndiyo ananunua kwa dumu, na hakuna aliyemuonyesha pa kukaa kwa hiyo amejishikiza kwa mwenye duka la vocha. Ananiita. Nimemwambia anisubiri kidogo, kwa sababu kichele bado kinapakiwa kwenye malori hapa hapa, na daftari langu lina namba za magari ambayo hayajarudi kutoka Kongo.