Picha sitini za boti za PT: nifuate ipi?

SWALI: Fundi, naunda mfano wa boti ya topido (bomu linalojiendesha majini) ya Marekani, PT-109, kwa skeli ya 1:35. Nimekusanya picha kama sitini za boti za PT (kifupi cha Patrol Torpedo, boti za doria zenye topido), lakini zinapingana: silaha hazifanani, masanduku ya sitahani yanahamahama. Nifuate ipi? Na kitu kisichokuwemo kwenye mchoro nikipimeje kutoka kwenye picha?

JIBU: Hazipingani, ndugu yangu. Unatazama boti nyingi za miaka mbalimbali ukidhani ni moja. Weka rula chini kwanza, uzichambue.

Ondoa boti zote za Higgins, kiwanda kingine kilichounda boti za PT, maana PT-109 ilitoka kiwanda cha Elco, Bayonne, New Jersey. Ilishushwa majini Juni 1942, ikazamishwa Agosti 2, 1943 katika Visiwa vya Solomon. Picha unayoihitaji inaangukia kwenye miezi hiyo michache. Kama haina tarehe, tazama topido. PT-109 ilikuwa na mabomba manne ya kurushia topido za Mark 8. Boti za baadaye ziliyaacha mabomba hayo, zikabeba Mark 13, fupi na nene, zikiwa zimelala wazi kwenye vitanda vya chuma. Ukiziona hizo, picha hiyo usiitumie kwa mpangilio wa sitaha.

Vivyo hivyo kwa PT-617 iliyohifadhiwa Fall River, Massachusetts. Ni ya Elco pia, lakini ya 1945. Mimi huchukua kwake bawaba, vifungio vya kamba na maungo ya mbao, silaha, hapana.

Halafu kuna yale ambayo mabaharia walijifanyia wenyewe. Muda mfupi kabla ya kuzama, wafanyakazi wa PT-109 walifunga mzinga wa milimita 37 wa kupigia vifaru kwenye sitaha ya mbele, juu ya mbao nene, na chelezo cha kuokolea kikaondolewa kupisha nafasi. Hakuna mchoro wa kiwanda utakaokuonyesha hilo. Kwa hiyo amua sasa: unaunda boti ya mwanzo wa 1943, au ya usiku ule wa mwisho? Ukichanganya, umeunda boti ambayo haikuwahi kuwepo.

Sasa vipimo. Tafuta kitu unachojua ukubwa wake kilicho umbali uleule kutoka kwenye kamera na kile unachokitafuta. Mark 8 ina kipenyo cha sentimita 53.3. Tuseme topido iliyo njiani kupakiwa ina unene wa milimita 12 pichani, na sanduku lililo ubavuni mwake kimo cha milimita 18. Sanduku ni mara moja na nusu ya topido, yaani kama sentimita 80; gawanya kwa 35, unapata milimita 23 hivi. Jihadhari tu usiikosee topido: Mark 13 ina sentimita 57, na hesabu yote itapinda. Sanduku likiwa nyuma zaidi, acha, tafuta picha nyingine. Picha iliyopigwa kwa karibu sana nayo huvimbisha omo (mbele ya boti) na kuifinya tezi (nyuma yake). Hiyo nitaitazama kwa maumbo, siipimi.

Angalia pia kama picha imechapwa kinyumenyume. Kwenye boti hizi za Elco, kibanda cha bunduki za rasharasha cha mbele kiko upande wa kulia wa boti na cha nyuma kushoto. Ukikuta kinyume chake, igeuze. Mimi niligundua hilo gundi ikiwa imeshakauka.

Rangi usiitafute kabisa kwenye picha nyeusi na nyeupe. Baadhi ya filamu za zamani hazikuona nyekundu, kwa hiyo rangi nyekundu ya chini ya boti hutoka nyeusi tii, na ukiikisia kwa jicho utaipaka nyeusi.