Waulizaji wa Ushonaji: Vifuko vya Korosho, Duara Lililogeuka Kofia na Zawadi ya Kwenda Kwenye Baridi

*Mafundi wa ukurasa huu, salaam. Krismasi hii tunataka kuwagawia majirani korosho za kukaanga, robo kilo kwa kila kifuko cha kanga. Mwaka jana vifuko vilitoka madoa ya mafuta, na vilivyofuliwa vikachuja hadi kamba nyeupe ikawa ya waridi. Tunakosea wapi? – Msomaji, Tandahimba*

Ndugu yetu, makosa ni mawili, na hakuna hata moja la sindano.

La kwanza ni kukata kanga mbichi. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani na rangi ya ziada iliyokaa juujuu ya nyuzi. Iloweke peke yake kwenye maji baridi bila sabuni, isuuze, badili maji mpaka yawe meupe. Nyekundu na nyeusi ndizo sumbufu. Zinaweza kuomba maji mara nne au tano. Ikishakauka, weka kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake na upige pasi ya moto. Kitambaa kikibaki cheupe, kata. Kikishika rangi, rudi kwenye beseni. Wengi watakuambia utie chumvi na siki. Chumvi humsaidia mtia rangi wakati wa kutia. Haiwezi kuifunga rangi iliyokwisha kutiwa kiwandani. Kuloweka huku pia kunaifanya pamba irudi, yaani isinyae, mapema, isije ikarudia mikononi mwa jirani. Anika kivulini, ndani nje.

Vipimo: kwa robo kilo, kifuko kiwe sentimita 15 kwa 20 kikiisha. Kata vipande viwili vya 18 kwa 25.5. Usikate kimoja kirefu na kukikunja chini, kwa sababu maua ya upande wa pili yatasimama kichwa chini, na lile ua la korosho la kwenye kanga likipinduliwa linaonekana mara moja. Kanga moja ya 150 kwa 110 inatoa vifuko 16. Ila hapo utakuwa umekata pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (yale maneno ya kanga) bila kuchagua. Ukitaka jina libaki zima, lipime kwanza, maana maneno mengi ni marefu kuliko sentimita 15. Na lisome vizuri: kanga ya mafumbo ikikatwa katikati inaweza kumfikia mama mkwe na nusu ya tusi.

Piga ovaloki kingo zote. Kutanisha vipande nje kwa nje, shona pembeni na chini kwa nafasi ya sentimita 1.5, lakini acha sentimita 5 za juu wazi pande zote mbili. Fungua mshono kwa pasi, pita cherehani kuzunguka uwazi ule usichanike. Sasa kunja mdomo sentimita 1, kisha 3, shona ukingo wa chini wa mkunjo. Njia ya kamba imepatikana. Kamba ziwe mbili, kila moja sentimita 45: ya kwanza iingie na kutokea kushoto, ya pili kulia. Ukivuta zote mbili mdomo unajifunga. Kamba moja hufunga upande mmoja tu na korosho zinachungulia.

Kosa la pili ni mafuta. Korosho ina mafuta mengi na pamba huyanyonya, kwa hiyo isigusane na kitambaa: itangulie ndani ya kifungashio cha chakula kinachofungika kabisa. Na ipoe kwanza, kabisa, kwenye sinia pana. Ikifungwa ina uvuguvugu, mvuke unabaki ndani, korosho inalegea, na kwa unyevu wa Desemba wa huku kusini ukungu hauko mbali.

*Nafuma vitambaa vya duara vya kuweka chini ya vikombe. Mzunguko wa nne tu kingo zinainuka, kinakuwa kofia ya mtoto. Nikilegeza mkono bado. – Msomaji, Mikindani*

Mkono hauna kosa, dada. Hesabu ndiyo yenye kosa. Duara likikua lazima liongezwe vifundo, na idadi inategemea urefu wa kifundo. Kwa kifundo kifupi, ongeza 6 kila mzunguko: anza na 6, kisha 12, 18, 24, 30. Kwa kifundo kirefu, kile unachozungusha uzi mara moja kwenye kulabu kabla ya kuingiza, anza na 12 na uongeze 12. Kuongeza ni kufuma viwili ndani ya tundu moja. Ukiongeza pungufu, kinainuka. Ukizidisha, kingo zinafanya mawimbi kama jani la kabichi. Weka alama ya uzi wa rangi nyingine kwenye kifundo cha kwanza cha kila mzunguko, hesabu hapo hapo. Ukigundua mzunguko wa saba, fumua, pasi haitakuokoa.

*Binti yetu anasoma Ujerumani na anasema Krismasi ya kule ni baridi kali. Nimtumie nini cha kushona, kidogo, kisicho kizito? – Mama, Nachingwea*

Shikamoo mama. Mshonee vifuko vya kupashia mikono, pea moja, vya kuweka kwenye mifuko ya koti. Kata vipande vinne vya sentimita 12 kwa 12, shona kwa nafasi ya sentimita 1, acha uwazi wa sentimita 4 upande mmoja. Vitume vitupu. Atajaza mwenyewe mchele mkavu, theluthi mbili tu ili viweze kukunjika, kisha ataziba kwa mkono. Ukijaza huku unalipia uzito, na nafaka inaweza kukuletea maswali ya forodha.

Atavipasha kwenye maikrowevu nusu dakika, avitikise, aongeze kidogo kidogo, bila kuondoka. Ndiyo maana kitambaa na uzi viwe pamba tupu. Vitenge vingi sokoni vina nailoni au poliesta ndani, navyo huyeyuka. Kujua, chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa koleo, ziwashe juu ya sahani. Pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Ikijikunja na kuganda kishanga kigumu cheusi, si pamba. Jaribu na uzi wa kushonea pia, huo husahaulika. Usitie zipu, vifungo vya chuma wala uzi wa dhahabu.

Peleka posta mapema Novemba.

*Cherehani kinatoboa kanga matundu yanayoonekana. – Fundi mwanafunzi, Lindi*

Sindano ni nene. Toa namba 16, weka 12, mpya.