Mnaoanza kuchora tatuu, acheni kugombana na ngozi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye tatuu, kila mtu atawaambia mnunue mashine gani na wino gani, sawa, ila mimi nawaomba sana mumjue kwanza mpishi Ding. Ni hadithi ya Zhuangzi, mwanafalsafa wa China wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Ding anapasua ng'ombe mbele ya bwana wake, kisu kinateleza tu, anaulizwa umewezaje, anasema wapishi wa kawaida wanabadilisha kisu kila mwezi maana wanakatakata mifupa, yeye chake kina miaka 19 na bado makali kama kimetoka kunolewa, kwa sababu anapitisha pale penye nafasi kwenye maungio. Na akifika kwenye fundo gumu anapunguza mwendo, anakaza macho, anasogeza kisu kidogo kidogo. Hapo ndo penyewe.

Wataoisti, yaani wafuasi wa falsafa hiyo ya Zhuangzi, wanaita wu wei, yaani hulazimishi kitu, sio kwamba unakaa tu.

Sasa njoo kwenye ngozi. Wino unatakiwa ukae milimita 1 hadi 2 hivi chini, kutegemea na sehemu, ukiwa juu sana unatoka na magamba, ukizamisha unasambaa pembeni na laini (mstari uliochora) inapata kivuli cha bluu ambacho hakifutiki chenyewe. Mgeni akiona laini haishiki anakandamiza, kumbe mara nyingi ngozi haijavutwa vizuri, au mkono unakimbia kuliko mashine. Vuta ngozi, tuliza mkono, sindano itaingia yenyewe. Kwenye mbavu subiri mtu atoe pumzi ndo uvute laini, akivuta pumzi nyanyua, usishindane na kifua cha mtu.

Na hii muishike kabisa kwa ngozi zetu nyeusi: rangi unaiona kupitia tabaka la juu lenye melanini, ile rangi asilia ya ngozi, so kuzamisha sindano hakuifanyi rangi ing'ae, unaishia kumwachia mtu kovu, na wenye asili ya keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua, ndo balaa zaidi. Tumia laini nzito na uache ngozi wazi ya kutosha kwenye dizaini. Laozi, mwanafalsafa mwingine wa Kitao, alishasema gurudumu lina njiti 30 lakini tundu la katikati ndo linalifanya litumike. Zile nafasi wazi ndo zitafanya tatuu isomeke miaka 10 mbele laini zikishatanuka.

Usafi tu ndo hauna cha kulegeza, glavu mpya, sindano mpya, kila mteja.

Halafu mjifunze kuacha. Ngozi ikishavimba na kuanza kutoa majimaji haipokei tena, hata kama mteja ametoka mbali na anakubembeleza umalize leo, funga, mpe maelekezo ya kuosha, arudi ikishapona vizuri, wiki 4 hadi 6 hivi, ndo umalizie shedi, yaani kujaza vivuli.