Nakupenda ipi unaambiwa?

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi, "dada nitajuaje kama ananipenda, maana kila siku ananiambia nakupenda." Nilisoma nikiwa kwenye mwendokasi nikapitiliza kituo kabisa.

Mimi nimekaa na mtu miaka mitano. Kwa nakupenda alikuwa hana mpinzani, asubuhi meseji, mchana meseji, usiku ndo usiseme. Nikaja kuugua nikalazwa siku tisa. Alikuja mara moja tu, kasimama mlangoni simu mkononi, kama dakika kumi hivi, akasema harufu ya hospitali haiwezi akaondoka. Mama alikuwa anatoka Mbagala kila alfajiri, daladala mbili, na chupa ya uji kaizungushia khanga isipoe, ananinywesha kwa kijiko cha chai taratibu, nikimaliza ananifuta mdomo na pembe ya khanga ile ile. Mama huyo sijawahi kumsikia akiniambia nakupenda, hata mara moja.

Sisi Waswahili majina tunayo mengi, upendo, mapenzi, mahaba, huba, ila kitenzi cha kila siku tumebaki nacho kimoja tu, kupenda. Nampenda mama, nampenda mume wangu, napenda pilau. Ndo hapo watu wanapojificha! Mtu ana mahaba na wewe anasema nakupenda, we unasikia upendo.

Wagiriki wa kale walitenganisha, eros ya tamaa ya mwili, philia ya urafiki, storge ya mzazi na mtoto, na agape, ambayo Wakristo wa mwanzo ndo waliitumia kwa upendo wa kujitoa. Mwezi wa kumi na mbili yule bwana kaoa, nikaona kwenye status ya mtu wanasomewa Wakorintho wa Kwanza 13, upendo huvumilia. Iliniuma, siwezi kuficha. Ile sura neno lake ni agape, na Paulo hakuwa anaandikia maharusi, alikuwa anaandikia kanisa lililojaa ugomvi na kushindana kwa karama. Ni kazi ile jamani, sio maua!

Kwa hiyo mdogo wangu acha kuhesabu meseji. Mahaba sio dhambi kwenye ndoa, yafurahie, lakini usiyape kazi ya upendo maana hayaiwezi, na usikae miaka mitano kama mimi unasubiri yageuke. Angalia siku huna hela, huna nguvu, hujasuka, nani yupo.

Hujaniambia mara ya mwisho ulivyoumwa alikuletea nini. Niandikie hilo kwanza.