Chansi za dogo kuingia vyuo vikubwa Marekani, anza na pesa ndio uje kwenye SAT

Mkuu nimesoma ulichoandika kuhusu mdogo wako, anaongoza darasani, SAT (ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani) kapata 1490 na humo hesabu ni 780, nyumbani mnaweza kutoa kama dola 8,000 kwa mwaka, anataka Harvard, MIT, Stanford na Columbia, na wewe unataka kujua ana chansi asilimia ngapi. Nimekaa na vijana wengi wanaoomba vyuo vya Marekani kutoka nje, nasoma insha zao, napitia nao fomu za pesa, kwahiyo nakujibu kwa niliyoyaona huko.

Asilimia hakuna anayeweza kukupa, akikupa ujue anabuni. Namba ya chuo sio namba ya dogo. Kwa walioanza Harvard 2024 maombi yalikuwa 54,008 wakakubaliwa 1,937, kama 3.6% hivi, ila humo wamo wanamichezo walioitwa na makocha, wamo watoto wa waliosoma pale, wamo watoto wa walimu wa chuo. Ile kesi ya mahakamani kuhusu Harvard inavyochagua wanafunzi, iliyosikilizwa 2018, ilitoa takwimu hadharani, mwanamichezo aliyeitwa na kocha alikuwa anapita kwa zaidi ya 80%, mtoto wa aliyesoma pale zaidi ya 30%. Ukishawatoa hao waliobaki wanagombania kiduchu. MIT wao wanatangaza namba za wanaoomba kutoka nje peke yake, zinacheza kwenye 2% wakati ya jumla ni karibu 4.5%, na dogo anahesabiwa kwenye hiyo 2.

Sasa pesa, maana hapa ndipo naona vijana wazuri wanaumia bila kujua. Gharama za mwaka mzima kwenye vyuo hivyo zimeshapita dola 80,000, nyie mna 8,000, kwahiyo anaomba chuo kimbebe karibu kila kitu. Kuna vyuo vichache ambavyo wakati wa kuamua nani aingie hawaangalii kabisa kama unahitaji msaada hata kama unatoka nje: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, na Brown wamejiunga juzijuzi. Stanford na Columbia kwa mtu wa nje wanaangalia. Maana yake faili la dogo likiwa sawa na la mwenzake anayelipa mwenyewe, la dogo ndio lipo hatarini, na hatoambiwa, barua ya kukataliwa ni ileile kwa wote. Kwahiyo kwenye list yake ya vyuo vinne, viwili vina ukuta wa ziada ambao hata hajauona. Na msijaribu kuficha kwamba mnahitaji pesa mkidhani mtaomba akishaingia, kuna vyuo usipoomba msaada mwanzoni umefungiwa miaka yote minne.

Namna ya kujua chuo kina mkono kiasi gani kwa wageni: tafuta Common Data Set ya chuo chenyewe, yaani fomu ya takwimu zake, vyuo vingi vinaiweka wazi kila mwaka, nenda sehemu ya H6. Hapo wanaandika wanafunzi wangapi wa nje wamepewa pesa na wastani wa kila mmoja. Ukikuta wastani uko karibu na gharama yote ya mwaka, hicho kiingie kwenye list. Ukikuta wastani ni dola 20,000, chuo ni kizuri ila sio chenu, piteni. Hiyo kazi ya jioni moja inawasaidia kuliko hizo kalkuleta za chansi za mtandaoni.

Kuhusu 1490 sitakudanganya, Harvard robo ya chini ya waliotuma alama inaishia karibu 1500, na hiyo robo ya chini ndimo wanamo wengi wenye kitu kingine kilichowabeba. Kama muda upo arudie. Harvard, MIT, Stanford wote wamerudisha sharti la mtihani, kwahiyo kwa hivyo vitatu kuficha alama haiwezekani tena.

Ila nisikukatishe tamaa, alama zikishafika eneo lao haziongezi tena kitu, kuna vitu vingine vinaanza kuongea. Niliwahi kusoma barua za walimu za vijana wawili wenye matokeo yanayolingana. Ya kwanza inasema mwanafunzi ana bidii, ana adabu, anashirikiana na wenzake, ukurasa mzima hivyo. Ya pili mwalimu wa fizikia anaeleza jinsi kijana alivyobaki darasani baada ya kipindi akimwonyesha kwamba jibu la kitabu limekosewa alama ya kutoa, na kesho yake akaja na njia fupi zaidi. Huyo wa pili unamwona mtu. Muulize dogo ni mwalimu gani ana kisa kama hicho juu yake, huyo ndiye aandike, hata kama sio mkuu wa shule.

Halafu usipige hesabu kwamba akiomba vyuo kumi vya 5% basi ana 50%. Hata ingekuwa bahati nasibu tupu ingekuwa 40%, na hii sio bahati nasibu, ni faili lilelile linasomwa mara kumi, udhaifu wake unamfuata kila lilipo. Kwahiyo punguza majina makubwa, ongeza vyuo vidogo vinavyotoa pesa kwa wageni ambavyo huku kwetu havitajwi, na kimoja au viwili ambavyo hata msaada ukikosekana mnamudu.

Ulipouliza kuhusu Early Decision, yaani kuomba mapema chuo kimoja, ile ni ya kujifunga, ukikubaliwa unakwenda, labda tu pesa walizotoa hazitoshi ndio wanakuachia. Mara nyingi dedilaini ni Novemba 1, kwahiyo ni salama zaidi alama za marudio ziwe zimetoka kabla. Msijifunge kwa chuo ambacho hamjapitisha makadirio ya gharama kwenye tovuti yao na hamjaiona H6 yake.