Muulize Shangazi: Koleo na Theluji

SWALI: Shangazi, mwanangu yuko Kanada, anataka kujitolea kwenye mashindano ya michezo ya theluji. Huko nyuma ya pazia wanafanya nini? – Mama Neema, Tanga

JIBU: Mama Neema, mimi nilijitolea Olimpiki ya Vancouver 2010, mlima Cypress. Theluji ilikuwa haba, ikaletwa kwa malori na helikopta. Sisi tulishika koleo, yaani beleshi. Wachezaji wa ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, wanaopiga sarakasi hewani hushuka kwa kishindo, kwa hiyo pale wanapotua lazima tupakatekate palainike, la sivyo mtu anaumia vibaya. Jasho linakutoka huku vidole vimekufa ganzi! Sare na chakula cha zamu unapewa. Malazi ni juu yako, jambo linalowaumiza vijana wasio na kipato. Akusanye akiba mapema, na anunue soksi za sufu. Za pamba zikilowa, hazimfai kitu.